Kifua kikuu sugu kwenye kliniki za methadoni: ugonjwa wa hewa, si wa kikombe

Kila siku ya Mungu, wikiendi na sikukuu zikiwemo, watu waliokuwa wakitumia unga, yaani heroini, hujipanga mbele ya dirisha la kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga. Mtoa dawa huangalia jina, hupima dozi, huichanganya na maji kidogo kikombeni, na mgonjwa huinywa palepale. Kisha huulizwa neno moja mawili ajibu, ili ijulikane kuwa dawa imeshuka kooni na haikubaki mdomoni. Anayefuata anasogea. Hapa Zanzibar huduma hii ilianza mwaka 2015 katika hospitali ya Kidongo Chekundu, miaka minne baada ya Muhimbili kufungua kliniki ya mwanzo nchini mwaka 2011. Methadoni imewarudisha nyumbani vijana ambao jamaa zao walikwishawakatia tamaa.

Sasa weka katika foleni hiyo mtu mmoja mwenye kifua kikuu kisichosikia dawa za kawaida. Nini kitatokea, na kizuiliwe vipi? Ukiuliza mitaani, wengi watakutajia kikombe. Watasema kila mtu aje na chake, au vioshwe kwa maji ya moto, na nyumbani sahani ya mgonjwa itengwe. Khofu hiyo imeenea sana na inatupoteza, kwa sababu tunalinda pasipo na hatari na kuacha wazi pale penye hatari. Mtu huyohuyo aliyetengewa sahani hulazwa chumba kimoja na wadogo zake watatu, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu.

Bakteria wa kifua kikuu (TB), ambao Robert Koch aliwatangaza mwaka 1882, husafiri kwa hewa. Mwenye TB ya mapafu akikohoa, akipiga chafya, akiimba au hata akizungumza, hutoa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, na chembe hizo huelea ndani ya chumba kwa masaa. Anayezivuta hadi ndani kabisa ya mapafu ndiye anayeambukizwa. Kikombe, kijiko, shuka, kupeana mikono na choo havimo. Aliyezoea kufukiza udi ataelewa haraka: ukifukiza chumbani na kufunga madirisha, chetezo kikishatolewa harufu inabaki, na anayeingia baada ya saa nzima ataikuta; ukifungua madirisha mawili yanayoelekeana, dakika chache tu imekwenda zake. Pumzi ya mgonjwa hukaa chumbani namna hiyo, isipokuwa yenyewe haina harufu ya kukutahadharisha.

Usugu unavyozaliwa, na unavyopokewa

TB huitwa sugu hasa pale bakteria wanapozishinda isoniazidi na rifampisini, dawa mbili ambazo ndizo nguzo za matibabu ya kawaida. Usugu huo hauletwi na dawa yenyewe. Bakteria wanapozaliana, mmoja katika kila milioni moja hivi huzaliwa na kasoro inayomkinga dhidi ya isoniazidi. Kwa rifampisini ni mmoja katika milioni mia moja hivi. Tundu moja ndani ya pafu lililoliwa na TB linaweza kubeba bakteria milioni mia moja na zaidi. Kwa hivyo ukimpa mgonjwa dawa moja peke yake, utaua wengi na kuwaachia uwanja wale wachache wasiosikia. Ukimpa zote mbili kwa pamoja, nafasi ya bakteria mmoja kuzikwepa zote ni moja katika trilioni mia moja, yaani karibu haipo. Ndiyo sababu matibabu ya TB ya kawaida huanza na dawa nne kwa miezi miwili, isoniazidi, rifampisini, pirazinamidi na ethambutoli, kisha mbili za mwanzo huendelea kwa miezi minne mingine.

Mpango huo unasimama kwa sharti moja: dawa zinywewe kila siku, zote, mpaka mwisho. Anayekunywa wiki moja akaacha wiki mbili, akarudi, akaacha tena, huwapa bakteria nafasi ya kujipanga upya kila mara.

Hiyo ni njia ya kwanza ya kupata TB sugu. Ya pili wengi hawaijui, nayo ni kuipokea ikiwa tayari sugu kutoka katika pumzi ya mtu mwingine. Katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, wagonjwa 404 wa aina sugu kupindukia walichunguzwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Asilimia 69 yao hawakuwahi kutibiwa TB sugu kabla, maana yake hawakuutengeneza usugu wenyewe kwa kuruka dawa. Waliuvuta. Katika jimbo hilohilo, kwenye hospitali moja ya Tugela Ferry, walipatikana wagonjwa 53 wa namna hiyo mwaka 2005 na 2006, na 52 kati yao walifariki. Wengi walikuwa wakiishi na VVU, na wengi walikuwa wamelazwa wodini muda si mrefu kabla ya kugundulika.

Naileta habari ya Tugela Ferry kwa sababu mara nyingi huwa tunamlaumu mgonjwa. Akisikika teja ana TB sugu, neno la kwanza ni kwamba aliziacha dawa. Huenda hajawahi kumeza hata kidonge kimoja cha TB maisha yake yote. Huenda aliambukizwa akiwa amekaa kwenye benchi akisubiri methadoni, siku alizokuwa anafanya kila alichoambiwa.

Kwa nini foleni hii

Watu wanaotumia unga hukutana na TB kwa njia nyingi kuliko wengine. Hukaa maskani au magetoni, katika vyumba visivyopitisha hewa, wakivuta pamoja. Huingia na kutoka Chuo cha Mafunzo, yaani magereza yetu, na duniani kote magereza hayaachani na TB. Hula vibaya. Kisha kuna VVU. Tafiti za Zanzibar ziliwakuta na virusi asilimia 16 ya wanaojidunga mwaka 2007, na asilimia 11.3 mwaka 2012, wakati katika watu wote kwa jumla kiwango kimekuwa chini ya asilimia 1. VVU ndivyo vinavyomwamsha bakteria wa TB aliyelala mwilini kuliko kitu kingine chochote.

Watu hao wote, kila asubuhi, tunawakusanya mahali pamoja. Si kosa la mtu, methadoni inavyotolewa ndivyo ilivyo. Lakini daktari wa kliniki ya kawaida akikosea leo, mgonjwa wake hatamwona tena mpaka mwezi ujao. Kwenye methadoni, mwenye TB isiyogunduliwa atarudi kesho, na keshokutwa, na atakaa na walewale.

Na kumgundua si rahisi kama mabango yanavyoonyesha. Bango linasema: kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, kutokwa jasho usiku, kupungua uzito. Chukua dalili moja moja uzipime kwa mtu wa methadoni. Heroini na methadoni ni jamii moja na kodeini, ile inayotiwa katika baadhi ya dawa za kifua ili kutuliza kikohozi; zote hupunguza hamu ya kukohoa. Anaweza kuwa na pafu linalooza na akakohoa mara chache tu kwa siku. Jasho? Methadoni yenyewe hutoa jasho, na arosto, yale maumivu ya kukosa unga, pia. Kukonda? Kila mtu, hata mama yake, atasema ni unga. Dalili hizi ama hufichika ama zina maelezo mengine yaliyo karibu, na ndivyo mgonjwa anavyopita dirishani wiki baada ya wiki na hakuna aliyemshuku.

Kwa hivyo kuuliza "unakohoa?" hakutoshi, ingawa ni lazima kuulizwe. Kinachofaa kwa kliniki kama hizi ni picha ya kifua kwa kila anayeanza na kurudiwa kila baada ya muda. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani limekubali picha hizo zisomwe na kompyuta pale ambapo mtaalamu hayupo. Kisha makohozi ya kila anayeshukiwa yaende kwenye mashine ya GeneXpert, si hadubini peke yake. Hadubini humkosa mgonjwa mwenye bakteria wachache, jambo la kawaida kwa mwenye VVU, na haina uwezo wa kusema kama bakteria ni sugu. GeneXpert hutoa yote mawili chini ya masaa mawili, TB ipo au haipo, na rifampisini itafanya kazi au haitafanya.

Jibu hilo la pili ndilo linalokata mnyororo. Mgonjwa anayepewa dawa zinazomfaa huacha kuambukiza wengine mapema sana, mara nyingi ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Mwenye TB sugu akipewa vidonge vya kawaida huonekana yuko kwenye matibabu, kadi yake imejazwa vizuri, na bado anaambukiza.

Arosto inayoletwa na vidonge

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atulie nami, kwa sababu sehemu hii haizungumzwi vya kutosha na imewaharibia dawa watu wengi kimyakimya.

Rifampisini huamsha vimeng'enya vya ini vinavyosaga dawa nyingine. Methadoni ni mojawapo. Siku chache baada ya kuanza vidonge vya TB, methadoni iliyokuwa ikimshika mtu masaa 24 haifiki tena hata jioni, maana kiwango chake katika damu kinaweza kushuka kwa nusu. Mgonjwa hajabadilisha kitu. Dozi ni ileile, kikombe ni kilekile, lakini anapiga miayo isiyokwisha, pua na macho yanatoa maji, vinyweleo vimesimama, tumbo linakata, mifupa inauma, na usingizi hakuna. Jambo hili si geni. Mwaka 1976 watafiti wa New York walieleza habari za wagonjwa 30 wa methadoni waliopewa rifampisini. 21 kati yao walipata arosto.

Sasa fikiria mazungumzo ya dirishani.

"Dada, methadoni ya siku hizi mnazidisha maji?"

"Kaka yangu, dozi yako haijabadilika, tazama hapa imeandikwa."

"Basi mimi naumwa. Tangu Jumanne silali."

Dada huyo akiwa hana habari, atamwona mlalamishi, au atahisi kuwa kijana amerudi kwenye unga na anatafuta kuongezewa. Akiwa anajua, atauliza swali moja tu: "Vidonge vya TB umeanza lini?"

Asipoulizwa, kijana atajifanyia hesabu mwenyewe, na hesabu yake haina kosa: kabla ya vidonge nilikuwa mzima, baada ya vidonge nina arosto, basi tatizo ni vidonge. Ataviacha. Au ataendelea navyo na kuongeza kete ya unga jioni, na mwenye kurudi kwenye unga hapiti wiki nyingi kabla ya kuyaacha yote mawili. Hivyo ndivyo usugu unavyoanzia mahali ambapo kila mhudumu alifanya kazi yake kwa upande wake: wa TB aliandika dawa sahihi, wa methadoni alitoa dozi sahihi, na hakuna aliyemwambia mwenziwe.

Dawa ya tatizo hili ni rahisi na haina gharama kubwa. Mtu akianza rifampisini, aambiwe mapema kuwa arosto inaweza kuja na si dalili kwamba dawa zinamdhuru. Aangaliwe kila siku kwa wiki mbili za mwanzo, jambo ambalo ni jepesi kwa kuwa anakuja kila siku. Methadoni ipandishwe hatua kwa hatua mpaka arosto ikome. Kuongeza nusu ya dozi si ajabu, na wapo wanaohitaji zaidi ya hapo. Na siku rifampisini inapomalizika, kazi igeuzwe: ini hurudi katika hali yake ndani ya wiki mbili hivi, na dozi ile kubwa ambayo juzi ilikuwa inamtosha sasa inaweza kumzimisha pumzi. Lazima ishushwe pole pole. Nimesisitiza hili la mwisho kwa sababu siku ya kumaliza dawa za TB huwa ni ya pongezi, na katika pongezi watu husahau.

Baadhi ya vidonge vya kinga, vile vya kuzuia TB kabla mtu hajaugua, vina habari hiyohiyo. Isoniazidi ya miezi sita haiigusi methadoni kwa namna hii, lakini kinga ya kila wiki yenye rifapentini, ndugu ya rifampisini, inaigusa.

Dirisha lilelile

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jiji la New York lilikuwa katika hali ambayo hakuna mtu angependa kuiona Unguja wala Pemba. Uchunguzi wa Aprili 1991 ulikuta asilimia 33 ya wagonjwa wa TB wana bakteria sugu kwa angalau dawa moja, na asilimia 19 sugu kwa isoniazidi na rifampisini zote mbili. Mwaka 1992 jiji lilisajili wagonjwa 3,811. Watumiaji wa dawa za kulevya, waishio na VVU, wasio na makazi na wafungwa ndio walioumia zaidi. Kilichogeuza mambo hakikuwa dawa mpya. Wahudumu waliwafuata wagonjwa majumbani, kwenye makazi ya muda na kwenye kliniki za methadoni, wakasimama nao wakimeza kila kidonge, na hospitali zikaanza kutenganisha wenye TB na wengine. Kufikia 1994 idadi ilishuka hadi 2,995.

Funzo lililo karibu nasi ni lile la kliniki za methadoni. Katika nchi nzima, ni mgonjwa gani mwingine anayekutana na mhudumu wa afya ana kwa ana kila siku bila kufuatwa? Wa presha huja mara moja kwa mwezi. Wa sukari vilevile. Huyu wa methadoni anakuja mwenyewe, mvua inyeshe, jua liwake, kwa sababu mwili wake unamdai. Weka vidonge vya TB kwenye dirisha lilelile, avimeze kwanza kisha apewe methadoni, na tatizo la kuruka dawa linapungua kwa kiasi kikubwa bila kuajiri mtu wa kumfuata. Zanzibar tuna bahati nyingine: Ukimwi, homa ya ini, kifua kikuu na ukoma vimewekwa chini ya kitengo kimoja shirikishi cha Wizara ya Afya. Ramani ya ofisi iko tayari, kinachohitajika ni vidonge kufika dirishani.

Lakini dirisha lina masharti. La kwanza ni kwamba methadoni isigeuzwe fimbo. Kumnyima mtu methadoni kwa kuwa amekataa vidonge vya TB, au kumfukuza kliniki kwa utovu wa nidhamu akiwa katikati ya matibabu, ni kumtoa mwenye TB nje ya macho yetu na kumrudisha chumba cha maskani akiwa na dawa nusu ndani ya mwili. Hakuna adhabu ya kliniki inayofaa kulipiwa gharama hiyo.

Sharti la pili ni hewa, na hapa Zanzibar tungeweza kuwafundisha wengine. Huko Lima, Peru, watafiti walipima hewa ya vyumba vya hospitali na kuchapisha matokeo mwaka 2007. Madirisha na milango ikiwa wazi, hewa ya chumba ilibadilika kiasi cha mara 28 kwa saa, wakati vyumba vya mashine za kupitisha hewa vilikadiriwa mara 12. Majengo ya zamani, yaliyojengwa kabla ya 1950 yakiwa na dari ndefu na madirisha makubwa, yalifika mara 40, na majengo ya kisasa mara 17. Nyumba za wazee wetu za Mji Mkongwe zenye dari za juu na baraza pana, na madirisha mapana ya skuli na hospitali za zamani, zilijengwa kwa ajili ya joto, kumbe zinafaa kwa kifua pia. Kiyoyozi cha ukutani, ambacho sasa ndicho alama ya ofisi nzuri, hakileti hewa mpya hata chembe. Huipoza ileile ya ndani na kuizungusha, na ili kipoze inabidi madirisha yafungwe. Chumba cha kusubiria chenye kiyoyozi ndicho kibaya kuliko vyote.

Pahala pa foleni ni nje: barazani, chini ya paa lisilo na kuta. Kinachotuzuia ni aibu zaidi ya fedha. Kisiwani watu wanajuana, na kijana hataki shangazi yake anayekwenda sokoni amwone kwenye foleni ya mateja. Kwa hivyo foleni huingizwa ndani, pazia hushushwa, mlango hurudishwa, na heshima ya mtu hununuliwa kwa mapafu yake. Shamba wanajua jawabu la jambo hili tangu zamani: ua wa makuti. Makuti yaliyosukwa huzuia macho na kupitisha upepo, na fundi wa kusuka huhitaji hela ndogo kuliko fundi wa kiyoyozi.

Kisha kuna upepo wenyewe. Nesi anayemhudumia mwenye kikohozi anatakiwa akae upande upepo unakotoka, ili hewa ipite kwake kwanza ndipo ifike kwa mgonjwa na kutoka nje. Vitabu vya miongozo vilivyoandikwa nchi nyingine huchora meza mahali pamoja na kuiacha hapo. Kwetu haiwezekani. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, upepo hutoka kaskazini mashariki. Kusi likivuma, katikati ya mwaka, hugeuka na kutoka kusini. Meza iliyowekwa vizuri mwezi wa Januari, mwezi wa Julai inamweka nesi penye pumzi ya kila mtu. Kila msimu unapogeuka washa kijiti cha ubani mezani, utazame moshi unaelekea wapi, kisha uhamishe kiti. Masika nayo, mvua inapowalazimisha watu kufunga madirisha, ndiyo miezi ya kugawa masaa ili watu wachache zaidi wawe ndani kwa wakati mmoja.

Barakoa ina nafasi yake. Katika jaribio lililofanywa Afrika Kusini, wagonjwa wa TB sugu walipovaa barakoa za kawaida za hospitali, maambukizo kwa simbilisi, wanyama wa maabara waliokuwa wakipumua hewa ya wodi hiyo, yalipungua kwa asilimia 56. Hiyo ni barakoa ya mgonjwa. Mhudumu anahitaji ya N95, ile inayobana uso, kwa sababu barakoa ya kitambaa cha kawaida haizuii chembe ndogo za hewani. Mlinzi wa getini na anayefagia wamo katika hesabu ya wahudumu.

Palipo pagumu zaidi

Soba hausi zetu, nyumba wanakokaa wanaoacha unga, zimeokoa watu, na nyingi zinaendeshwa na vijana waliotoka kwenye unga wenyewe, nawaheshimu mno. Lakini zina kila kitu TB inachokitaka: vitanda vya juu na chini, milango inayofungwa usiku ili mtu asitoroke, madirisha yenye nondo na mapazia mazito. Na mgeni anaingia katika siku zake mbaya kabisa. Unga ukishatoka mwilini, kikohozi ulichokuwa umekituliza kinaweza kufumka, katikati ya chafya na makamasi ya arosto, naye amelala na wenzake kumi. Apimwe kabla ya kupewa kitanda. Jibu likichelewa, alale karibu na dirisha lililo wazi, au barazani, ndani ya chandarua.

Chuo cha Mafunzo kuna hatari nyingine, ya dawa kukatika. Mtu akikamatwa Ijumaa jioni, methadoni na vidonge vyake vinabaki upande wa pili wa geti. Kliniki na Chuo wakikubaliana kabla, jina moja na namba moja ya simu kila upande, dawa humfuata siku hiyohiyo.

Akipatikana mwenye TB sugu ndani ya kliniki, asipelekwe mbali na methadoni yake. Zamani wagonjwa wote wa nchi walipelekwa Kibong'oto, Kilimanjaro, ambako matibabu ya TB sugu yalianza 2009. Baadaye huduma ilisogezwa karibu na watu. Dawa nazo zimepungua muda. Mwezi Disemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mchanganyiko wa miezi sita wa vidonge vitupu, bedakilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini, badala ya miezi 18 au zaidi iliyokuwa na sindano zilizowaacha watu viziwi. Hakuna rifampisini humo, kwa hivyo arosto haiji kwa njia ile. Kinachokuja ni moyo: bedakilini, moksifloksasini na methadoni, kila moja huweza kuchelewesha mapigo ya umeme wa moyo, na zikikutana tatu hatari huongezeka. Kipimo cha ECG, cha umeme wa moyo, kifanywe kabla ya kuanza na kirudiwe. Yule atakayeshauriwa kuacha methadoni ili kuulinda moyo aombe kwanza ECG, kwa sababu mara nyingi inatosha kurekebisha potasiamu au kubadilisha dawa nyingine. Wakati bado anaambukiza, apewe dozi yake nje, saa ambayo foleni imekwisha, au apelekewe alipo.

Ramadhani ina mpango wake. Mgonjwa ana ruhusa ya kula, ipo katika aya ya 184 ya Suratul Baqara, lakini wapo wengi watakaofunga tu, na akifunga bila kusema atakosa dawa za mchana mwezi mzima. Swali liulizwe mwezi wa Shaaban. Vidonge vya TB ya kawaida vinaweza kumezwa masaa mawili baada ya futari au saa moja kabla ya daku, na methadoni ikihitaji dirisha la usiku, basi dirisha lifunguliwe usiku, muda wa mwezi mmoja.

Waliokaa na mwenye TB sugu wapimwe wote: wa nyumbani, hasa watoto, wa maskani na wa benchi lile la kliniki. Asiyekutwa na ugonjwa lakini ameishi na mwenye TB sugu anaweza kupewa kinga ya levofloksasini kwa miezi sita, ambayo Shirika la Afya Duniani limeipendekeza mwaka 2024. Katika orodha za Shirika la Afya Duniani za 2021 hadi 2025, Tanzania haikuwemo katika ile ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB sugu, ingawa ilikuwemo katika ile ya TB kwa jumla, kwa hivyo majina ya kufuatilia bado ni machache na yanawezekana kufikiwa yote. Kupima na dawa ni bure. Makohozi yatolewe nje penye upepo, nyuma ya jengo, si chooni, na kikopo kifunikwe palepale kabla ya kukabidhiwa.